Mstari Uliopinda wa Aafje

Kwa miaka arobaini Siem Groot aliinamisha mgongo katika mashamba ya tulipu ya watu wengine, akitafuta maua yenye ugonjwa. Tulipu nyekundu ikichanua na michirizi myeupe, wageni wa mjini huisifu na kuipiga picha. Siem aliing'oa pamoja na kitunguu chake cha ardhini, akaitia guniani, kwa maana michirizi hiyo ni ugonjwa, na wadudu waitwao vidukari huusambaza shamba hadi shamba. Kwenye kazi hakujua rafiki wala jirani.

Mimi ni Dieuw, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na nasema nikijua. Mwaka niliomzika mama yangu, Siem alikuta michirizi bustanini kwangu, kwenye tulipu mbili kati ya zile mama alizoniachia. Aling'oa zote kumi na mbili. Nilimwambia hizo ni za mama. Akanijibu, "Jirani, ua halina mama," akaenda zake na gunia. Tangu siku hiyo kahawa nilimpa akija, maana ujirani ni ujirani, lakini kopo la biskuti sikulifungua tena mbele yake. Miaka ishirini na sita.

Novemba iliyopita mkewe Aafje, akiwa tayari hoi, aling'ang'ania kupanda tulipu zake mwenyewe chini ya dirisha la jikoni. Alikaa kwenye kigoda, Siem akimpa kitunguu kimoja kimoja. Mstari ulianza umenyooka, ukapinda mwishoni, pale mkono ulipochoka. Siem, mtu wa kunyoosha mistari kwa kamba na vigingi, hakuusahihisha. Februari tukamzika Aafje.

Watoto hawakujaliwa. Siem alianza kula viazi vyake akiwa amesimama, na mezani kila asubuhi aliweka vikombe viwili. Nikimpelekea supu ya njegere, hakuwa na habari nyingine ila za tulipu: leo zimetokeza, leo zimefika urefu wa kidole. Alikaa dirishani kutwa akizitazama. Sipendi kusema, lakini upweke wake ulinitia uchungu.

Mwishoni mwa Aprili, saa sita mchana, nikaona pazia la jikoni kwake limefungwa. Kwetu pazia halifungwi mchana ila ndani mna maiti au mna aibu. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Tulipu zilikuwa zimechanua, nyekundu, na tatu kati yake zilikuwa na michirizi myeupe.

Ng'ambo ya mfereji, hatua kumi tu, ndipo linapoanzia shamba la Wigger, tegemeo lote la mkewe na wanawe. Wigger mwenyewe alikuwa amesimama pale, mikono mfukoni. Aliziona tangu juzi, akaniambia, lakini atamwambiaje mtu aliyemfundisha kazi?

"Mwambie wewe, Bi Dieuw," alisema. "Anakuogopa wewe peke yako."

Nikiri tu: nilifurahi. Nilikwenda kubisha hodi nikiwa na maneno yangu tayari, kwamba ua halina mke. Siem akafungua, ndevu za wiki nzima, na nyuma yake nikaviona vile vikombe viwili, kimoja kikavu. Nikaishia kumwamkia.

"Najua," alisema. "Nimeziona tangu Jumanne. Nimetoka na sepeto mara tatu, mikono inakataa."

Akaangalia viatu vyake vya mbao.

"Siku ile kwako, ulilia nyuma ya mlango wa banda. Nilikusikia. Nikaendelea kuchimba." Kisha akasema, "Nisaidie, Dieuw."

Miaka yote hiyo aliniita jirani tu.

Nilichimba mimi, yeye akashika gunia. Nilipozitoa zile tatu nikanyoosha mgongo. Zilizobaki zilikuwa nyekundu safi, hazina hata alama.

"Hizi tuziache, Siem," nilisema. "Wigger mwenyewe hatasema neno."

Alizitazama moja baada ya nyingine. Alizitamani, niliona. Angeitikia kwa kichwa tu, ningeacha sepeto pale pale na nisingemlaumu.

"Zote," alisema. "Kwako nilichukua zote."

Basi nikachimba zote. Nililia, na yeye alilia, na safari hii hakuna aliyejificha nyuma ya mlango. Ile ya mwisho kabisa, iliyopandwa juu juu kwa mkono usio na nguvu, ilitoka bila hata kusukuma sepeto. Siem akaipokea kwa mikono miwili kabla ya kuitia guniani. Nikachukua reki nisawazishe udongo, naye akaushika mpini.

"Acha mashimo," alisema.

Nilikwenda kwangu nikaleta kopo la biskuti, nikalifungua mbele yake. Alichukua moja, akaishika tu mkononi bila kuila.

Siku hizi pazia lake li wazi tena. Kila asubuhi namwona amesimama dirishani na kikombe chake, akitazama chini. Mvua imeyala mashimo kingo lakini bado yanaonekana: yanaanza yamenyooka, na mwishoni yanapinda.