Mwanangu Ameniandikisha Mtumishi Wake

(Barua hii imetufikia kwa herufi za Kiarabu kutoka kwa mama mmoja wa Temeke. Tumegeuza herufi na kuficha jina. Maneno ni yake mwenyewe.)

Bwana Mhariri na wasomaji, salaam. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minane. Nina mtoto mmoja tu wa kiume, karani wa serikali, na huu ni mwaka wa pili naishi kwake katika kota za makarani. Nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu nikitajwa mimi ametajwa na yeye, na pamoja na yote aliyonifanyia bado ni mwanangu.

Kwetu ni Mbweni. Baba yake alipofariki, mwanangu alikuja akaniambia, "Mama, minazi mwachie mjomba, uje mjini upumzike." Nikaja. Sitasema uongo, maji ya bomba yalinifurahisha na nyumba haivuji. Lakini ndani ya nyumba hiyo nimekuta mambo ya kutia kinyaa. Wanakula mezani, kila mtu na sahani yake, kama abiria waliokutana hotelini wasiojuana. Sinia nililokuja nalo linaanikiwa dagaa. Mke wa mwanangu, ambaye ni mwalimu, humwita mumewe kwa jina lake mbele yangu, naye anaitika bila haya. Nikasema moyoni, haya ndiyo maendeleo, nyamaza ule.

Halafu dada yangu akaja kunitazama, na kikapu cha papa mkavu, akitaka kukaa siku tatu. Alirudishwa jioni ileile. Nikaambiwa sheria ya kota ni mume, mke, watoto wao na mtumishi mmoja, basi. Serikali niliyoizoea mimi ilikuwa ya kodi na barabara. Ukishalipa kodi inakuacha na nyumba yako. Hii ya sasa imeingia mpaka chumbani kuhesabu mikeka, na vijana wetu wanaishangilia kwa kuwa imewapa sakafu ya saruji. Nikamwuliza mwanangu, "Na mie je, niko wapi katika sheria hiyo?" Akanijibu, "Usijali, mama. Wewe nimeshakutengenezea." Mjinga mimi, nikamshukuru.

Mwezi uliopita asubuhi, wote wako kazini na wajukuu shuleni, akaja mkaguzi wa nyumba na daftari lake. Kijana mweusi mwenzetu, ana umri wa mwanangu. Hakunipa shikamoo. Akaniuliza, "Wewe ndiye mpishi?"

Nikamwambia, "Mie ni mama wa mwenye nyumba."

Akashtuka, akavua kofia, akaanza, "Shika..." Halafu akatazama daftari, na ile shikamoo akaimeza. Akasema, "Hapa pameandikwa mtumishi wa jikoni, mwanamke mmoja, na jina ni lako. Mama mzazi hayumo." Akavaa kofia yake. Akaniambia mwezi unaofuata atarudi na mzungu mkubwa wa nyumba, na kila mtu atasimama aulizwe yeye ni nani. Atakayebainika kudanganya ataondoshwa kwenye kota, na kazi pia iko hatarini.

Mwanangu aliporudi nilimwuliza mlangoni, hata kofia hajaitundika. Hakukana. Alisema, "Mama, ni karatasi tu. Wenzangu wote wamefanya hivyo. Yule mzee wa nyumba ya tatu ni baba mzazi wa karani mwenzangu, ameandikwa mtunza bustani." Kweli, yule mzee namwona kila siku anakata majani kwa panga, na mimi nikidhani anapenda kazi.

Mkwe wangu akaongeza, kwa sauti ya darasani, "Kwani mama ukisema ndiyo utapungukiwa nini? Kupika si unapika?"

Napika, ndiyo. Nimempikia mwanangu tangu hana meno. Sikujua kuwa siku moja kupika huko kutanitoa katika umama. Wazee walisema mwacha mila ni mtumwa. Mwanangu ameacha mila, na mtumwa nimekuwa mimi.

Na kwa ajili ya nini? Nyumba si yake, kiwanja si chake, hata msumari wa kutundikia kofia ni wa serikali. Akiachishwa kazi hana pa kuipeleka ile meza. Baba yake hakuwahi kumiliki kiti, lakini alikuwa na minazi yake, na hakuna aliyekuja na daftari kumwuliza nani analala chini ya paa lake. Siku hizi huyo ndiye huitwa maskini.

Nilisema narudi Mbweni kesho yake. Mwanangu akapiga magoti, akalia kweli. Akasema nikiondoka, mkaguzi ambaye alinisikia nikijitaja mama atajua kuwa daftari linadanganya, na yeye na watoto wake watatu watatupwa nje. Wajukuu wale wananipenda, na wamezoea kulala mkekani kwangu. Nikamwinua. Nikamwuliza basi anataka nifanye nini siku hiyo.

Mkwe wangu akaleta aproni nyeupe ya mpishi, mpya, ameshaishona. Mwanangu akafuta macho, akasema polepole, bila kunitazama, "Uvae hii tu, mama. Na mbele ya mzungu usiniite mwanangu. Uniite bwana."

Ndugu wasomaji, siku zimebaki kumi na nne. Nikimwita mwanangu, nimemvunjia nyumba. Nikimwita bwana, sijui baada ya hapo nitamwitaje tena. Nyinyi mliozaa, niambieni, nimwite nani?