Gari la Rangi ya Damu ya Mzee

Harufu ya thina ya rangi ilikupokea kabla hujaiona gereji yenyewe. Ukitoka barabara kuu pale Mapinga na kushika kinjia cha mchanga, katikati ya mashamba ya mihogo na viwanja ambavyo wenyewe walikuwa bado wanaishi Dar es Salaam, upepo wa baharini ulikuletea kwanza ile harufu kali yenye utamu kidogo, inayopanda puani na kukaa nyuma ya macho. Kisha uliisikia kompresa ya upepo ikinguruma, na mwisho ndipo ulipoliona banda la mabati la mjomba wangu Salehe. Mjomba alikuwa mdogo wake mama, wamezaliwa mji mkongwe wa Bagamoyo katika ukoo wa mabaharia na wafanyabiashara, ila yeye moyo wake uliangukia magari. Alinyoosha bodi zilizobonyea akazipiga rangi mpaka mwenye gari akalipita gari lake bila kulitambua. Nilikuwa darasa la sita, na masika ile nilikwenda bandani kila nilipotoka shule. Watu walidhani nafuata rangi. Rangi nilikuja kuipenda baadaye. Mwanzoni nilifuata kelele. Kompresa ikiwaka hakuna anayezungumza na mtu, na mimi nilikuwa mtoto wa kigugumizi.

Jina langu ni Batuli, na hakuna neno lililonitesa kama hilo. Herufi ya kwanza ilinikwama midomoni kama mlango uliovimba kwa mvua; nausukuma, nausukuma, na wakati huo wote mtu amesimama mbele yangu ananitazama kwa huruma. Shuleni waliniita Pikipiki, wakisema siwaki mpaka nisukumwe. Nyumbani hakuna aliyenicheka, lakini mama alikuwa na desturi ya kunimalizia maneno. Nikianza tu, yeye ameshafika mwisho wa sentensi. Alifanya hivyo kwa mapenzi, kama mtu anavyompokea mwenzake mzigo njiani, na wala hakujua kwamba mzigo ule niliutaka mwenyewe. Basi nikajifunza kunyamaza. Darasani sikunyoosha kidole hata jibu likiwa limenijaa kinywani.

Rafiki yangu mmoja tu alikuwa Hina. Baba yake, Bwana Kanti, alikuwa Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara, na Hina alirithi kwake ulimi mwepesi. Aliweza kumbembeleza fundi mwashi mpaka akanunua misumari asiyoihitaji. Masika ile Bwana Kanti alikuwa akipanga upya stoo yake, akakuta katoni la magari madogo ya plastiki ya kuunganisha, bodi zake nyeupe hazijaguswa na rangi, maboksi yamechujuka kwa jua. Yaliingia na mzigo mwingine miaka mingi nyuma na hakuna aliyewahi kuyauliza. Akaipa shule. Mwalimu wetu wa stadi za kazi, Mwalimu Mkunde, akagawa gari moja kwa kila mwanafunzi wa kikundi chake, akatuambia kwamba litakalopendeza kuliko yote litapelekwa Bagamoyo kwenye maonyesho ya shule za msingi. Tukashangilia. Kisha akaongeza, "Na aliyelitengeneza atasimama mbele ya waamuzi aeleze kazi yake kwa mdomo wake." Darasa zima likageuka kunitazama.

Jioni nilipomwonyesha mama lile boksi, aliligeuza mikononi akatabasamu. "Paka rangi, mwanangu. Yakifika ya kusema, nitamwomba mwalimu Hina akusemee." Usiku kucha neno lile liliniwasha kama upupu.

Kazi ilianza vibaya. Nilipofika bandani mjomba alikuwa amekwenda kutafuta vipuri, na kwenye kikombe cha bunduki ya rangi mlikuwa na mabaki ya rangi ya gari aliyoniruhusu niitumie. Rangi yenyewe ilikuwa nyekundu iliyokolea, ile tunayoiita damu ya mzee. Nikaimwaga yote juu ya bodi kwa mkupuo mmoja, nene, inang'aa kama asali. Sikumaliza hata kuitazama. Plastiki ilianza kukunjamana, paa likapasuka mistari myembamba kama tope la dimbwi lililokauka, na milango ikalegea kama nta juani. Thina, ile dawa ya kuzimulia rangi ya magari makubwa, ilikuwa imeila bodi nyepesi ya mfano. Mjomba aliporudi alinikuta nimekaa chini, bodi mapajani.

"Shikamoo, mjomba," ilinichukua muda kuitoa.

Mjomba hakuwahi kunimalizia neno. Alisubiri mpaka salamu ikaisha. "Marahaba, mwanangu." Akaichukua bodi, akaichungulia kwenye mwanga. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Plastiki haitaki kunyweshwa, inataka kunyunyiziwa. Tafuta nyingine."

Nyingine ningeipata wapi? Kesho yake Hina alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua mkoba wake na kuniwekea boksi lake mikononi. Nilikataa. "Chukua bwana," akasema, "mimi na rangi wapi na wapi? Jana nimepaka kucha tu, mpaka kiwiko kimekuwa chekundu." Alicheka, lakini nilijua alilipenda gari lile, alikuwa ameshalipa na jina. Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Tangu siku ile kila nilipolishika gari nilikumbuka kwamba nimebeba la watu wawili.

Safari hii nilimfuata mjomba hatua kwa hatua. Tuliiosha bodi kwa maji na sabuni kuondoa mafuta ya vidole, tukaisugua kwa msasa laini ili rangi ipate pa kushika, tukaipa praima, ile rangi ya msingi, nyepesi kama ukungu wa alfajiri, tukaiacha ikauke. Ndipo ikaja damu ya mzee. Mjomba alinifundisha kuanza kupuliza kabla bunduki haijaifikia bodi na kuachia baada ya kuipita, mkono ukitembea bila kusita. Mara ya kwanza rangi ilikuwa vumbi jekundu tu, nyeupe ikionekana chini yake, na nilitamani kuongeza. "Mwenye pupa hadiriki kula tamu," mjomba akanikumbusha, akanipokonya bunduki. Nikasubiri ikauke, nikarudia, nikasubiri tena. Rangi ilinenepa kidogo kidogo kama usiku unavyoingia, mpaka siku moja nikagundua nyeupe haipo tena popote.

Kisha klia, ile rangi isiyo na rangi inayopigwa juu ya zote ili zing'ae. Masika haipendi klia. Unyevu uko hewani tangu asubuhi, na nilipopiga mkono wa kwanza mng'aro ulikuja halafu ukafifia, bodi nzima ikafunikwa na weupe kama imepumuliwa na mgonjwa. Nilidhani nimeliua na la pili. Mjomba alinituliza, akaniambia tusubiri siku yenye jua kavu. Tulisubiri siku chungu nzima, mvua ikipiga bati, huku siku ya kuchaguliwa magari ikikaribia. Asubuhi moja anga likapasuka likawa buluu, mchanga ukaanza kufuka mvuke, na ilipofika saa tano mjomba akaja hadi mlangoni mwa darasa letu kuniombea ruhusa. Tulikimbia, tukapiga mkono wa pili. Klia ile mpya iliyayusha ukungu wa chini yake, na rangi ikapanda kutoka ndani kama jambo lililokuwa likisubiri kusemwa.

Lakini juu yake alikuwa amenasa mbu, miguu imetandazwa, na uso mzima ulikuwa na vidoti vidoti ambavyo mafundi huviita ganda la chungwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kupaka ni nusu tu ya kazi. Nilichukua msasa wa maji, laini kuliko karatasi ya daftari, nikausugua mng'aro wote mpaka gari likafifia kama limepigwa majivu. Hina aliyekuja kutazama alishika kichwa. "Umeliharibu!" Nikaendelea. Kwenye kingo nilipita kwa ncha ya kidole, maana hapo klia ni nyembamba na kosa dogo lingefika kwenye plastiki. Kisha nikachukua kitambaa cha flana na polishi, nikaanza kuzungusha. Nilizungusha mpaka kidole kikafa ganzi. Kutoka chini ya ule ukungu ukatokea uso wangu, mdogo, mwekundu, umetulia. Hina akaona wa kwake pembeni yangu, akapiga kelele mpaka mjomba akazima kompresa.

Mwalimu Mkunde hakupata shida ya kuchagua. Siku ya maonyesho tulisimama katika ukumbi wa shule moja mjini Bagamoyo, mimi na Hina nyuma ya meza, mama na mjomba katikati ya wazazi, wenzetu wa darasani nyuma yao. Mwamuzi alikuwa mwanamke mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Aliliinua gari letu akaliinamisha kuelekea dirishani. Nondo za dirisha zikaonekana juu ya paa lake kama kwenye kioo, zimenyooka, hazina hata pindo moja. "Kazi nyingine zote za rangi hapa zina ganda la chungwa," akasema. "Hili halina. Nani alilipaka?"

Mwalimu alikuwa ameshakubaliana na mama kwamba Hina ndiye atakayenisemea. Hina akafungua mdomo. Nikamgusa mkono, akaufunga.

"Ni-ni-ni..." nikaanza. Mtu akacheka nyuma. Sauti moja ikasema, "Pikipiki hiyo!" Nikamwona mama ameshasogea mbele, midomo imefunguka, neno langu liko kwenye ulimi wake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamtazama, nikatikisa kichwa. Mama akasita, kisha akachukua upindo wa khanga akajiziba mdomo.

"Ni-nililipaka mimi," nikasema. "B-b-b-Batuli." Na nilipolivuka jina sikusimama. Nilieleza praima na ukungu, nikaeleza jua la saa tano, mbu na msasa wa maji. Nilikwama kila baada ya maneno machache, na kila nilipokwama nilisubiri pale pale, kama nilivyosubiri rangi ikauke, kisha nikaendelea. Mwamuzi hakuitazama saa yake. Nilipomaliza aliuliza, "Na ulijuaje wakati wa kuacha kusugua?" Nikamjibu kwamba kidole kilinambia. Akacheka kwa furaha, akaligeukia kundi la watu na kuwaambia waje walitazame gari lile karibu.

Tulitangazwa wa kwanza. Hina alinirukia shingoni, Mwalimu Mkunde akapiga vigelegele kama yuko harusini, na mjomba akajifanya ameingiwa na vumbi jichoni. Mama alinishika mabega akataka kusema kitu, akashindwa. Safari ile mimi ndiye niliyemsubiri. Njiani kurudi Mapinga, nyuma ya lori dogo la Kenta la kukodi, nilianzisha wimbo, na nilipoimba hakuna herufi iliyonikwama. Wote waliitikia, hata wale wa Pikipiki.

Sasa Mapinga ina kuta na mageti kulikokuwa na mihogo, na mimi nina karakana yangu, ina chumba cha kupigia rangi kisichoingiza vumbi na taa za kukaushia hata masika ikiwa imekolea. Mjomba akija hukaa kwenye kiti akatikisa kichwa kwa raha. Hina amerithi duka la baba yake na ndiye anayeniuzia misasa, kwa maneno mengi. Siisikitikii enzi ile. Ilinipa kazi, lakini leo ndiyo niliyoitaka. Kigugumizi hakikuondoka, nimezeeka nacho kidogo. Juzi mteja alikuja na gari lake kuniuliza ningemshauri rangi gani. "Nye-nye-nye..." nikaanza. "Nyeusi?" akadakia. Nikatikisa kichwa. "Nyekundu?" Nikamwinulia kiganja. Mwanamume yule, mwenye haraka zake na simu mbili mkononi, akanyamaza, akasubiri.

"Nyeupe," nikamwambia.