Mistari ya Kemunto Ukutani

Naikumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa nimeolewa miezi mitatu tu huku Nyamira, nchi nayo imepata uhuru juzijuzi. Mama mkwe alikuwa ameenda soko la Magwagwa kuuza ndizi. Nikaona nimwingizie kitanda chake kipya ndani ya nyumba, peke yangu, maana nilitaka sifa zote ziwe zangu. Mguu wa kitanda ukatoboa ukuta.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikajiambia. Nikachanganya udongo na samadi ya ng'ombe na majivu kidogo, nikaziba. Kwetu nilisifiwa sana kwa kukandika, na aliyenisifu zaidi ni mimi mwenyewe. Lakini ukuta ule ulikuwa na mistari ya vidole iliyopindapinda toka chini hadi juu, na kiraka changu kilikuwa laini kama upara. Nikaiga mistari, ikatoka kombo. Nikafuta, nikarudia, ikawa mibaya zaidi.

Hapo ukaidi ukanipanda. Kama kiraka hakitaki kufanana na ukuta, basi ukuta utafanana na kiraka! Nikaanza kuulainisha wote. Kazi ilininogea, nakwambia, hata nikawa naimba.

Mama mkwe aliporudi nilikuwa nimebakiza sehemu ndogo karibu na mlango. Aliweka kikapu chini polepole.

"Mokamwana," akaniita, kama tunavyomwita mke wa mwana, "nani amekutuma?"

"Hakuna, Mama. Nilitoboa, nikaona nitengeneze."

"Hiyo mistari ni ya Kemunto. Alikandika huo ukuta, mwezi uliofuata tukamzika."

Kemunto alikuwa dada ya mume wangu. Hakuacha picha wala mtoto. Nilisimama na tope mkononi, nikalia, na hata leo nikisimulia moyo unaniuma. Mama hakunitukana. Alisema tu, "Ungeuliza," akaenda kukaa nje.

Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne alinishika mkono, akaupeleka kwenye kile kipande kilichosalia, akaniwekea vidole katika mistari, kimoja baada ya kingine. Vidole vya Kemunto vilikuwa vyembamba kuliko vyangu.

"Lowesha ukingo kwanza," akasema. "Usianzie palipofutwa. Anzia palipo pazima, uje polepole."

Tulikandika pamoja, tukichora mistari upya, mpaka jioni. Ukisimama mlangoni, ukuta ulifanana na ule wa kwanza. Ukiusogelea haukufanana, naye alijua.

Mwanangu, utaingia katika nyumba za watu, na kazi za watu, na utaharibu kitu. Sote huharibu. Kosa langu halikuwa shimo. Shimo lile Mama hakulitaja hata mara moja. Kosa langu ni kwamba nilikionea haya kiraka changu, nikafuta cha mwenzangu ili changu kisionekane. Kiraka kikionekana hakiui mtu. Kiache hivyo hivyo, kaa ukimngoja mwenye nyumba, umwulize ni mkono wa nani uliopita hapo kabla yako. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilijifunza nikiwa nimekwisha kufuta.

Mungu aibariki mikono yako, isikose kazi, na aulainishe ulimi wako uwe mwepesi wa kuuliza. Na siku utakapoharibu kisichoweza kurudi, akujalie mtu kama mama yule.