Nilivyoingia chini ya meza kumkimbia mama mkwe kwenye video call, nikiwa masomoni India

Saa moja na dakika kumi jioni kwa saa za India, huku Bariadi ikiwa ni saa kumi na dakika arobaini, simu ya Aikande iliita mezani na mimi nikaingia chini ya meza.

Wakuu, poleni na kazi. Jambo hili lilinitokea mwenyewe, na mhusika mwenzangu yuko hapa sebuleni anasoma kila mstari ninaoandika. Hata nikitaka kuongeza chumvi sina nafasi.

Kwanza mnijue. Mimi ni Msukuma wa Lalago, naishi Bariadi. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilisoma mwenyewe: QT, ule mtihani wa kumruhusu mtu wa nje ya shule kufanya wa kidato cha nne, kisha kidato cha nne chenyewe, kidato cha sita, yote kama mtahiniwa binafsi, kisha digrii kwa masafa huku nikifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Nikiwa na miaka arobaini na tatu nikapata scholarship ya kwenda Nagpur kusomea mbegu za pamba.

Nilikuwa mgane. Mama wa binti yangu Limi alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma.

Niliondoka na msimamo mmoja: nasoma, narudi. Mahusiano hayamo kwenye ratiba.

Wakuu mnaojiandaa kwenda nje, kuna kitu hamtaambiwa na mtu. Masomo utayaelewa, chakula utakizoea. Kinachotesa ni Jumapili. Hosteli inakuwa kimya, wenyeji wamekwenda kwao, na wewe umekaa kitandani unarudia ukurasa uleule.

Aliyeitibu Jumapili yangu ni Aikande.

Mchaga wa Machame, mwalimu wa wauguzi, alikuja kusoma masters ya afya ya jamii. Alizunguka sokoni akapata unga wa mahindi, ule wa njano, akamwomba mwenye kantini jiko, akasonga ugali na kuita kila Mwafrika aliyemwona. Jumapili iliyofuata wakaja Wanepali. Baadaye wanafunzi wa Kihindi wa darasa langu wakawa wanaleta dengu na pilipili zao. Hakuwahi kumuuliza mtu kabila wala dini. Alikuwa anauliza umekula au bado.

Nimesoma vitabu vingi vya uongozi. Sijakuta mahali vimeeleza nilichokiona pale kantini.

Kuhusu uchumba wenyewe, vijana mtanisamehe, hakuna mambo ya movie. Hosteli za wanawake ziko mbali na za wanaume, geti linafungwa mapema, na mlinzi anakujua kwa jina. Uchumba wetu ulikuwa kutembea kutoka maktaba hadi kibanda cha chai ya tangawizi, na kurudi. Nadhani ilinisaidia. Mkiwa hamna kingine cha kufanya zaidi ya kuongea, mtu unamjua haraka.

Mwaka wa pili nikamwambia wazi kwamba nataka kumuoa. Akaomba muda wa kufikiri. Aliporudi alisema, "Nimekubali, Baba Limi. Ila mama lazima akuone."

Hapo ndipo penye kisa.

Kwetu, kwa familia zinazoshika mila, mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hampeani mikono, hamli sahani moja. Mkikutana njiani, unampisha. Nikiwa mdogo nilimshuhudia baba yangu akiingia kwenye shamba la mahindi na baiskeli yake kwa sababu bibi mzaa mama alikuwa anakuja kwa mbele. Ni heshima, tena heshima kubwa.

Nilijua siku ya kumwona mama yake ingefika. Nilidhani itafika Machame, na wazee wangu wakiwepo. Sikutegemea ifike mezani, katikati ya ugali, bila taarifa.

"Mama huyu hapa!" Aikande akasema, akanigeuzia simu.

Mwili uliamua kabla ya akili.

Kule chini niliona viatu vya watu wote wa meza ile. Juu nikamsikia Shabani, Mtanzania mwenzetu wa Tanga: "Jamani muacheni mzee, kapoteza ng'ombe."

Meza nzima ikacheka. Mama hakucheka. Sauti yake ilitoka kwenye simu ikiwa wazi kabisa:

"Aikande, nimeona bega tu. Huyo ana mke."

"Mama, mke wake alifariki."

"Huyo ni wa kwanza. Mimi namuulizia wa pili. Mwanaume asiye na la kuficha anakimbia simu ya nini? Mwambie nataka uso. Bila uso, hakuna harusi."

Simu ikakatika.

Wakuu, wengi tungegombana pale pale. Mwanamke ameaibishwa mbele ya wenzake, na mama yake ameshatoa hukumu. Aikande alisubiri nitoke, nikung'ute magoti, akaniita nje.

"Nyumbani kuna mtu?"

"Hakuna."

"Sasa ulikuwa unafanya nini kule chini?"

Nikamweleza mila. Nilieleza vibaya, kwa kigugumizi. Akasema neno ambalo mpaka leo namheshimu kwalo:

"Sitaki kukuamini kwa sababu tu nakupenda. Nipe namba ya mtu wa kwenu ambaye hujapata muda wa kumfundisha la kusema."

Nikampa namba ya dada yangu mkubwa, Kabula, aliyeko Lalago. Akapiga palepale, akasogea pembeni. Mimi nikabaki nimesimama kama mshtakiwa.

Alichoambiwa alinisimulia baadaye. Dada aliuliza swali moja tu: "Aliingia chini ya meza mzima mzima?"

"Mzima mzima, dada."

"Basi huyo amekuchukua kweli, wifi yangu. Angekaa kumkodolea mama yako macho, ningejua anakuchezea."

Aikande alirudi anacheka huku anafuta machozi. Mimi nikaona mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, maana Machame msimamo ulikuwa palepale: uso.

Mimi uso siwezi kuutoa, mama bila uso hatoi ruhusa. Nilikuwa sioni njia. Aliyeiona ni Aikande: akawaunganisha mama yake na dada yangu kwenye simu, akawaachia. Waliongea Jumapili baada ya Jumapili, mmoja na Kiswahili cha mlimani, mwingine na Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake. Mwisho wakaafikiana kwamba nipige picha studio. Mama aitazame picha atakavyo, mimi nisimtazame yeye.

Picha ilipofika, jibu lilikuwa fupi: "Kumbe mpole. Aje."

Tiketi yangu ilikuwa ya kurudi mapema kuliko yake, kupitia Dar hadi Mwanza. Nikaibadilisha ili tusafiri pamoja na tutue Kilimanjaro. Wazee wangu wakatangulia Machame kwa basi.

Tulipofika getini nilisimama pembeni ya mgomba, macho chini, mgongo nusu umeelekea nyumba. Niliogopa kuliko siku ya mtihani wowote.

Mama akatoka. Nikasikia hatua zake zinakuja, kisha zikageuka. Alikuwa amejitanda kanga kichwani na anatembea kinyumenyume, sahani ya ndizi ameishika nyuma ya mgongo ananipa.

"Baba Limi, karibu. Dada yako amenifundisha. Leo tunasalimiana visogo."

Majirani walicheka mpaka wakashika migomba. Mimi nilipokea sahani kwa mikono miwili.

Tumeoana. Aikande anafundisha huku Bariadi, na Limi anamwita mama bila kuambiwa na mtu. Mama mkwe akija kututembelea mimi natumia mlango wa uani, naye akipita dirishani anakohoa ili nijue.

Nilichojifunza: ukienda nje, mila ya kwenu unakwenda nayo, hata kama hukuipakia kwenye begi. Mweleze mwenzako mapema, mkiwa bado kwenye chai. Na ukimpata mtu anayekagua kwanza ndipo akasirike, usimwache.

Mliosoma nje, ninyi mila gani iliwafuata huko? Wachaga mliomo humu, nichekeni kwa kiasi.

Ah, mhusika anasema nimesahau kuandika hasara. Faini ya kubadilisha tiketi: shilingi laki tatu na elfu themanini.