Wifi Wawili na Mchoro wa Sauti

Tulimwita Mama Chaji kwa sababu siku ya kwanza aliingia ofisi ya walimu na nyaya za kuchajia zikining'inia shingoni, kama fundi cherehani na tepu yake. Kabla ya hapo alitengeneza redio na simu kwa miaka kumi na mmoja, kwenye kibanda cha bati ambacho wateja wawili hawakuenea. Idara ya elimu ilikuwa imezigawia shule zetu vishikwambi, na baada ya miezi sita ikagundua kwamba vingi bado vimo ndani ya maboksi. Ikatafuta mtu wa kukaa karibu na walimu. Akapatikana yeye.

Tabia yake moja ilinishangaza: hakugusa kifaa cha mtu. Ukikwama, alifunga mikono nyuma, akainama, akauliza, "Ulitaka kufanya nini?" Ukishamweleza, anauliza tena, "Na kwa nini umebonyeza hapo?" Hakuwa akikejeli. Alitaka kujua kweli.

Sasa, mwalimu wetu wa hesabu alikuwa dada wa mume wa Mama Chaji. Miaka ishirini na miwili ubaoni, sauti ya kengele, chaki mbili mfukoni. Utani ofisini haukuisha. Mtandao ukikatika tu, mtu anauliza, "Wifi imegoma?" na sote tunamtazama mwalimu wa hesabu, ambaye kweli alikuwa amegoma.

"Wifi, mimi na wewe tunaheshimiana," alimwambia Mama Chaji mbele yetu. "Simu yangu ikizima nitakuletea. Lakini darasani kwangu usije kunifundisha kazi."

"Nitakufundishaje, wifi, na kazi yenyewe siijui?"

Wakaachana hapo, mpaka mwanafunzi mmoja wa darasa la sita alipovunjika mguu. Mwalimu wa hesabu hakutaka abaki nyuma, basi akamfuata Mama Chaji mwenyewe, akizungumza huku anatazama dirishani. "Kuna namna ya kunasa somo langu, mtoto alisikilize kitandani?"

Kuna. Kishikwambi kikawekwa mezani, mwalimu akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe, akafundisha dakika arobaini.

Sauti ile ilikuwa nzito mno kutumwa kwa mara moja, kwa hiyo Mama Chaji akakaa ofisini kuikata vipande. Mimi nafundisha historia, na nilikuwa meza ya pili nasahihisha madaftari. Nikamsikia anaguna.

"Mwalimu, hebu njoo uone."

Kwenye kioo sauti ilikuwa imechorwa kama milima, vilele vimebanana. "Mtu akinyamaza ili mwenzake ajibu, hapa panakuwa bapa," alisema. "Mimi sioni bapa. Watoto wako wapi?"

Tukasikiliza. "Nusu na theluthi, ipi kubwa? Nusu! Kwa nini? Kwa sababu..." Tukahesabu maswali thelathini na moja. Kati ya swali na jibu, muda mrefu kuliko yote ulikuwa sekunde moja na kidogo, na jibu alilitoa yeye yeye.

"Utamwambia?" nikauliza.

"Nitamuuliza."

Wifi yake alipoingia kuchukua mkoba, Mama Chaji akamsogezea kiti. "Wifi, nisaidie kuusoma huu mchoro. Watoto wanaongea wapi?"

Mwalimu akavaa miwani. Kidole chake kikatembea kwenye kioo kutoka mwanzo wa somo hadi mwisho, kikarudi, kikasimama mahali. "Hapa."

Akabonyeza. Kumbe ni mtu aliyekohoa.

Akavua miwani, akachukua mkoba, akaondoka bila kuaga. Siku tatu hawakusemezana. Nyumbani, Mama Chaji alinisimulia, mumewe alimuuliza, "Umemfanya nini dada yangu?"

"Nimemuuliza swali."

"Basi ndio hilo."

Siku ya nne mwalimu wa hesabu akasimama mlangoni. "Wifi, njoo na dude lako." Sikuwa na kipindi, nami nikajipenyeza.

"Nusu jumlisha theluthi," akaliambia darasa. "Tunapata ngapi?"

Kimya. Aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mdomo ukafunguka, ukajifunga. Mtu akakwangua dawati. Mimi mwenyewe jasho lilinitoka, na swali halikuwa langu.

Binti mmoja wa nyuma kabisa, ambaye sauti yake sikuwahi kuisikia hata kwenye kipindi changu, akasema, "Mbili juu ya tano."

Wenzake wakacheka. Mwalimu akainua mkono wakanyamaza. "Umeipataje?"

"Nimejumlisha juu kwa juu, na chini kwa chini."

Akangoja tena. Safari hii nilihesabu mpaka tisa. Mwenzake wa dawati moja akakunja uso. "Lakini mwalimu, mbili juu ya tano si haifiki hata nusu? Tulianza na nusu, tukaongeza. Mbona imepungua?"

Mwalimu wa hesabu akajikuta amekaa juu ya dawati la mwanafunzi. "Miaka yote hii," akasema polepole, "hilo sijawahi kuulizwa." Somo alilopanga hakulimaliza. Walikata karatasi vipande wakavipanga sakafuni, na kengele ilipolia hakuna aliyeinuka.

Mgonjwa wetu alipelekewa sauti mpya. Kila baada ya swali mwalimu alimwambia, "Simamisha hapa, fikiri kwanza, halafu nijibu." Mtoto alijibu kwa ujumbe, tena mrefu. Ila projekta iliyokuja pamoja na vishikwambi, mwalimu wa hesabu haitaki hadi leo. Anasema inamtia usingizi.

Habari zikaenea, na walimu wakaanza kuomba kunaswa. Nami nikaomba. Mchoro wangu ulikuwa na bapa nyingi, nikatamba ofisini. Mama Chaji akasikiliza kwa makini, akainua kichwa. "Hiki kimya, mwalimu, wanafikiri au wamelala?"

Kesho yake niliwauliza wanafunzi wenyewe, nikangoja. Nilingoja sana.

"Tulikuwa tunaandika, mwalimu," kiranja akasema mwishowe. "Ila hatujui tunaandika nini."