Mistari Mitatu Msibani

Watu wa Itigi walituita wahesabu vidole, na hawakukosea. Ungepita Jumamosi alasiri nyuma ya hoteli ya chai iliyo karibu na stesheni, ungetukuta watu wazima watano kwenye mabenchi, kila mmoja anakunja vidole na kunong'ona peke yake. Mgeni angedhani tunasali, au tumerogwa.

Tulikuwa tunatunga haiku. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa bidhaa na kila mtu anajaribu lake, kwa hiyo hakuna aliyetuuliza kibali. Aliyetuletea jambo hili alikuwa Mjapani aliyejitolea kufundisha hisabati sekondari. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alitueleza tukaelewa: mistari mitatu, mizani tano, kisha saba, kisha tano. Vina si lazima. Sema ulichokiona, usihubiri. Mizani tuliijua tangu shuleni, hapo hakutubabaisha. Kilichotushinda ni kutohubiri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu asiyehubiri ni sawa na jogoo asiyewika. Muda wake ulipokwisha akarudi kwao, sisi tukabaki na vidole vyetu.

Mbali na mimi walikuwepo muuguzi, muuza nyama, mama mwenye hoteli, na rafiki yangu aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Utaratibu wetu ulikuwa rahisi. Kila mtu anaandika utungo wake kwenye kikaratasi bila jina, vikaratasi vinachanganywa kwenye bakuli, mmoja anasoma vyote kwa sauti. Halafu kila mtu anaweka punje yake ya karanga juu ya utungo uliomgusa. Mwenye karanga nyingi ndiye anayejitaja. Muuza nyama alikuwa na tabia ya kutafuna kura yake huku anafikiri, kisha anasema leo hakuna lililomgusa.

Karanga nyingi zilikuwa za rafiki yangu, na iliniudhi. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, yeye alikuwa na miaka mingi ya kutembea kwa miguu kati ya mataruma akikagua misumari ya reli. Wafanyakazi walipopunguzwa, naye alipunguzwa, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Jumamosi moja alizoa karanga zote isipokuwa yangu kwa utungo huu:

Treni yapita
mbuzi kando ya reli
wazidi kula

"Mbona hujasema kitu?" nilimwuliza.

"Mbuzi nao hawakusema, Mwalimu."

Mke wake, ambaye mimi namwita shemeji, alikuwa mwanamke wa Mungaa, mchapakazi, mwenye kusema lililo moyoni. Hakutupinga. Alituona tu kama watoto wanaocheza bao la michanga. Kwake shairi ni lile la redioni, linaloimbwa, ubeti juu ya ubeti hadi mghani anaishiwa pumzi. Mara nyingine alipita hotelini na debe la maji kichwani, akatuangalia, akauliza kama tumeshafika mia.

Rafiki yangu aliugua kifua. Alilazwa mwishoni mwa masika, na kufikia wakati wa kuvuna mtama hakuwa na nguvu ya kukaa. Nilikuwa nikienda kumwona nikitoka shule. Siku moja aliniambia nisogee.

"Nikifa, msinipigie beti kumi na mbili," alisema. "Nakujua wewe. Utanifanya mjenzi wa taifa."

Nilimwambia aache maneno ya kufa.

"Someni moja tu, ninayo tayari." Akanitajia hapo hapo, polepole, akipumzika kila mwisho wa mstari. Nilipoisikia nilishtuka, maana nayo ilikuwa na mbuzi.

"Msibani hapasomwi mbuzi," nilimwambia.

"Wewe soma."

Nikaahidi. Mtu akiwa kitandani namna ile unaahidi kwanza, mengine unayafikiria njiani. Alifariki wiki hiyo hiyo.

Nilipofika kwake, ndugu walikuwa wameshaanza kuwasili kutoka Ikungi na Manyoni, maturubai yamefungwa, wanawake wanapepeta mchele. Shemeji alinipokea vizuri. Tulipomaliza kupeana pole alinivuta pembeni, karibu na zizi.

"Shemeji, kwenye ratiba nimesema kikundi chenu kitasoma shairi. Ndugu zake wanasema alipotoka reli hakuwa mtu tena, fundi pancha tu. Nataka wasikie. Mtaje kazi yake, muwataje watoto, na alivyonioa kwa heshima. Beti ngapi zitatosha?"

Nilikohoa. Nikamwambia kwamba marehemu mwenyewe aliacha lake, na alitaka lisomwe hilo peke yake.

"Vizuri. Lina beti ngapi?"

"Shemeji, ni mistari mitatu."

Niliona anangoja niseme natania.

"Mistari mitatu," alisema. "Jumamosi zote zile, mistari mitatu."

"Nikusomee ulisikie kwanza."

"Usinisomee. Kama ndivyo alivyotaka, fanyeni. Nitalisikia na wenzangu. Lakini ujue, watu hawatakucheka wewe. Watanicheka mimi."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilikwenda nyumbani nikajaribu kutunga la pili, la kuokoa jahazi. Vina vilikuja vyenyewe, njema na mema, reli na kweli, na rafiki yangu akageuka mjenzi wa taifa kabla sijamaliza ubeti wa kwanza. Nililichana. Lakini sitaki kujisifu kwamba nilikuwa na msimamo. Niliogopa sana, na asubuhi ya mazishi sikuweza hata kunywa chai.

Ibada ilikwisha, wasifu ukasomwa, salamu za rambirambi zikatolewa. Mwongozaji wa ratiba akatangaza kwamba sasa ni zamu ya washairi. Watu wakajiweka sawa kwenye viti. Kaka mkubwa wa marehemu alivua kofia. Tulisimama wote wanne tuliobaki mbele ya jeneza, na muuza nyama, ambaye sijawahi kumwona akiogopa hata fahali, alijisogeza nyuma ya mama mwenye hoteli.

Nikasoma.

Koti la reli
mke wangu kavaa
akama mbuzi

Watu wakangoja. Nilisikia kuku wakiparua nyuma ya nyumba.

"Endelea, Mwalimu," mwongozaji alisema kwa upole, akidhani uchungu umenikaba.

"Nimemaliza."

Vijana waliokuwa nyuma wakaanza kuguna. Mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Kaka wa marehemu alirudisha kofia kichwani, akamwambia jirani yake jambo kwa Kinyaturu, na sikuhitaji kutafsiriwa. Muuguzi alinishika kiwiko. Mimi nilikuwa natazama chini, nikijilaumu kwa kumweka shemeji mahali pale mbele ya mashemeji zake.

Ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye mkeka wa wanawake. Kwa desturi mfiwa hasemi wakati ule, anasemewa.

"Rudia," shemeji alisema. "Taratibu."

Nikarudia, mstari kwa mstari, kama alivyonitajia marehemu mwenyewe hospitalini. Hapo nikathubutu kumtazama. Alikuwa ameshusha khanga kutoka usoni. Tangu msiba uingie watu walikuwa wakinong'ona kwamba hajalia, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kueleza.

"Nilikuwa nalichukua koti lake msumarini alfajiri kukiwa na baridi, niende kukamua," alisema. Hakuwa anasema na sisi, wala na wale mashemeji. Alikuwa anamweleza mama aliyekaa naye ubavuni. "Nafungua mlango kidogo kidogo usilie, nisimwamshe. Miaka yote."

Yule mama akamshika mkono. Kaka wa marehemu aliacha kusema.

"Nilidhani amelala," shemeji alisema, na hapo ndipo alipolia.