Siku Programu Yangu Iliponiumbua

Jamani, hii aibu niliitafuta mwenyewe, na mpaka leo nikiingia pale kiwanda cha samaki naangalia chini.

Kompyuta ya mapokezi, ile inayoandika uzito wa sangara kila gari linaposhusha, ilianza kusuasua kidogo saa za asubuhi. Mimi ndiye fundi wao, nikaweka programu ya kufuatilia mashine inavyoelemewa, tujue pa kurekebisha na tukadirie kama itahimili msimu wa samaki wengi. Ingetosha ipime kila baada ya dakika tano, lakini mimi (ujuaji huu!) nikaiweka ipime kila sekunde na kuandika kila kitu. Basi mashine ikawa inaganda kabisa, magari yanapanga foleni, barafu inayeyuka, na bosi wetu, Bwana Karim, anataka jina la mtu.

Nikampa. Nikamtaja Bi Zuhura, karani wa mapokezi, mama aliyenifundisha kazi nilipokuja pale sijui lolote, eti kwa sababu husikiliza mawaidha kwenye kompyuta ile huku anapokea samaki. Ripoti ya ile programu yangu sikuwa nimeisoma. Akasimamishwa siku hiyo hiyo, akaniuliza tu, "Mwanangu, kabla ya hiyo programu yako, mbona ilikuwa inakwenda?" Nikamjibu hayo ni mambo ya kitaalamu (Mungu anisamehe).

Wiki ikapita, Bi Zuhura hayupo na mashine bado inaganda, nikaitwa kikaoni nieleze. Nikarusha ukutani kwa mbwembwe grafu ya kila programu inavyoielemea mashine, wote wakiwepo, hadi vibarua wa kushusha samaki.

"Huu mstari mrefu hivi ni wa nini?" akauliza Bwana Karim.

Nikasoma jina lililoandikwa pembeni. Ilikuwa programu yangu. Mawaidha ya Bi Zuhura yalikuwa kamstari kadogo kule chini, hata hakaonekani vizuri.

"Kumbe polisi ndiye mwizi!" akasema kibarua mmoja, watu wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi ipasuke.

Nikatumwa nyumbani kwa Bi Zuhura, Mkolani, nikamrudishe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanimiminia chai.

"Nimekusamehe," akasema, "ila pale sirudi. Miaka yote ile, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Nikaweka kikombe chini, nikaaga.

Siku hizi nikiweka kipimo kwenye mashine ya watu, nakipima chenyewe kwanza, na simtaji mtu kabla sijajichunguza mimi. Nimejifunza, ndiyo, ila aliyelipa ada ni Bi Zuhura.